Senta ya Kisauni: kumbukumbu ya 31 Agosti, mafunzo ya naloksoni na kikao cha jamaa. Maoni ya dereva wa tuktuk

Nyota nne kwa tano. Ya tano nimeizuia na sababu nitazitaja, ila kwanza nieleze ni huduma gani, maana wengi wakisikia senta ya mateja huvuka barabara wakapita upande wa pili.

Ni kituo kidogo upande wa Kisauni, Mombasa, vyumba vichache na ua, chini ya jumba la kupangisha. Kila siku wanaotumia unga, yaani heroini, huenda pale kuoga, kufua, kupimwa virusi na kifua kikuu, kurudisha sindano zilizotumika na kupewa mpya. Wanaotaka kuanza methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya unga, huandikiwa na kusindikizwa hadi kliniki. Jina silitaji kwa sababu wenyewe waliniomba. Kuna majirani ambao hadi leo wanamsukuma mwenye nyumba awatoe. Anayekihitaji aulize madereva kwenye steji, ataelekezwa. Mimi sikuenda kwa hayo. Niliendea siku yao ya kuwakumbuka waliokufa kwa kuzidiwa na unga, inayofanyika kila tarehe 31 Agosti, na mafunzo ya kuokoa yanayofanyika siku hiyo hiyo. Baadaye nikaanza kuhudhuria kikao chao cha jamaa cha kila mwezi. Vyote ni bure, gharama ni nauli yako tu.

Mtauliza dereva wa tuktuk anatafuta nini pale. Kwa mtu wa maskani, yaani kijiwe cha wanaotumia, ambulensi ni tuktuk. Akianguka mtu usiku nyuma ya soko la Kongowea au kule chini Mshomoroni, wenziwe hawapigi simu hospitali. Wanaogopa polisi, na wanajua watakavyopokewa. Wanamkimbilia dereva wanayemjua. Na dereva naye ana hesabu zake: huyu akikata roho kwenye kiti changu cha nyuma nitaandikisha taarifa mpaka asubuhi, chombo kibaki kituoni, na mwenye chombo anadai pesa yake ya jioni. Ndiyo maana wengine huwasha wakaondoka. Siwalaumu sana, hakuna aliyewafunza lolote.

Lakini kilichonipeleka hasa ni mpwa wangu, mtoto wa dada. Alikuwa ametoka gerezani, amekaa ndani miezi bila kugusa kitu, mwili umenawiri, uso umejaa. Wiki ile ile akarudi maskani akatumia kipimo alichokizoea zamani. Wenzake walimmwagia maji ya baridi, wakamtia maziwa kinywani, mwengine akampiga makofi. Alipofikishwa kwa daktari alikuwa ameshapoa. Matangani dada alisema ni presha. Watu wakaitikia presha, nami nikaitikia presha, maana maiti haulizwi sanda. Mtaani kwetu kuna presha nyingi sana za vijana wa miaka 20 na kitu.

Nianze na kumbukumbu yenyewe. Ilifunguliwa na mshauri wa pale, mwanamke aliyetumia miaka mingi na sasa yuko kwenye methadoni, amevaa leso ya zambarau juu ya buibui. Alieleza kwa ufupi asili ya tarehe hiyo. Ilianza 2001 huko Melbourne, Australia, mtaa wa St Kilda, kwa mwanamke aitwaye Sally Finn aliyekuwa akisimamia huduma ya kubadilisha sindano ya Salvation Army. Aligawa utepe kwa watu waliotaka kuwakumbuka watu wao, na kutoka hapo siku ikaenea nchi nyingi. Zambarau ndiyo rangi yake. Maneno ya mshauri hayakufika hata dakika kumi, jambo ambalo kwa shughuli za Pwani yetu ni muujiza.

Mwanzoni, aliniambia baadaye, walijaribu kuwasha mishumaa jinsi walivyoona wenzao wa nje wakifanya. Wazee wakanong'ona, na isitoshe mshumaa saa nne asubuhi juani Mombasa unamwangazia nani. Wakaacha. Badala yake wana kitambaa cha marekani, kile cheupe kizito cha kushonea mito. Jina la kila aliyekufa linaandikwa juu yake kwa kalamu ya wino mzito, pamoja na mtaa wake na mwaka. Kikijaa, kinashonewa kipande kingine. Siku niliyokwenda kilikuwa kimezunguka kuta tatu za ua na kimeanza ya nne. Anayeshona ni mama wa mmoja wa walioandikwa, na hakubali kulipwa.

Kisha majina yakasomwa. Nimekuwa kwenye kumbukumbu za kila aina, za wanasiasa, za matajiri, za timu za mpira, na kusema kweli sijaona iliyofanywa kwa adabu namna hii. Msomaji hakuwa mgeni rasmi. Alikuwa kijana wa senta yenyewe, mwembamba, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Mengine yalikuwa majina kamili, mengine lakabu tu, kwa kuwa ndivyo mtu alivyojulikana maskani na kwao hakuna aliyekuja kumtafuta. Jina likitajwa, waliomjua wanaitikia: "Twamkumbuka." Pakiwa kimya, yaani hapana aliyemjua, basi ua mzima unaitikia. Hakuna aliyesifiwa kwamba alikuwa malaika, wala hakuna aliyelaumiwa. Jina, mtaa, mwaka, twamkumbuka. Kwa mwendo huo huo mpaka mwisho.

Baada ya orodha, kalamu ikawekwa mezani kwa mwenye jina jipya. Dada yangu, ambaye nilimbembeleza sana hata kufika pale getini, alikwenda akaichukua. Aliandika jina la mwanawe mwenyewe, herufi kubwa. Tangu siku hiyo akiulizwa husema unga, hasemi presha.

Shehe alisoma Fatiha na dua, pasta akaomba, kila mmoja kwa ufupi, wala hawakugeuza maiti kuwa somo la kutisha walio hai. Hawa wawili nawapa nyota tano zao kando. Nimewahi kuhudhuria maziko ambapo kijana alizikwa mara mbili, ya kwanza kwa ulimi.

Kilichoniudhi ni mjumbe wa mheshimiwa fulani aliyefika amechelewa na kupewa kipaza sauti papo hapo. Akatukumbusha vita vya serikali dhidi ya dawa za kulevya, akaitaja ile meli iliyolipuliwa baharini Agosti 2014 ikiwa na heroini, Rais akishuhudia. Ni kweli ililipuliwa, sote tuliiona kwenye televisheni. Na Aprili ya mwaka huo huo manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata zaidi ya kilo 1,000 kwenye jahazi moja nje ya pwani yetu. Sasa hesabu hizo anamsomea nani? Mama aliyekaa mbele yake kwenye mkeka ana mtoto aliyekufa kwa kete moja, kipakiti kimoja cha unga. Unga unaotoka Afghanistan hupita hapa ukienda kwa wengine, na yanayodondoka njiani ndiyo yanayotumaliza. Mshauri alimvumilia, kisha akamshukuru katikati ya sentensi na kuchukua kipaza sauti chake. Huyo mwanamke angefaa kuwa mwenyekiti wa mambo mengi.

Mahamri na mbaazi za nazi, nyota tano. Chai ya tangawizi, nyota tano. Pilau ya mchana sina la kusema kwa sababu iliisha kabla haijanifikia.

Sasa mafunzo, ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Yaliendeshwa na nesi mmoja, kijana wa kiume, mpole, anayefanya kazi kwenye methadoni. Alianza kwa kuuliza unga humuua mtu vipi. Watu wakataja moyo, damu, sumu, jini. Akasema: pumzi. Heroini hulegeza sehemu ya ubongo inayoamrisha mapafu. Mtu hupumua polepole, kisha polepole zaidi, halafu mwili husahau kabisa. Moyo huendelea kupiga kwa muda, na huo muda ndio mlango wa kuingilia. Ukimpulizia pumzi unaufanyia ubongo wake kazi iliyoushinda.

Ishara alizotaja ziko hivi. Midomo na kucha zinabadilika rangi, zinakuwa za buluu au za kijivu, na kwa ngozi zetu nyeusi tazama ndani ya midomo na chini ya kucha. Mboni ya jicho inakuwa ndogo mno, nukta tu. Ukimwita kwa jina haitiki, ukimsugua mfupa wa kifua kwa vifundo vya ngumi hashtuki. Na anakoroma. Mkoromo mzito, wa maji maji, wenye kusita. Hapo bibi mmoja wa Frere Town akasema, bila kuinua sauti, kwamba mwanawe alikoroma usiku kucha chumba cha pili na nyumba nzima ikashukuru kuwa leo amelala. Nesi hakukimbilia kumfariji. Alikaa kimya kidogo, akamwambia, "Bibi, mkoromo huo hata wodini huwapita watu," kisha akaendelea.

Niweke hatua hapa kwa atakayesoma akiwa na mtu wake. Mwite, msugue kifua. Asipoitika, mlaze chali, inua kidevu ili njia ya hewa ifunguke, angalia kinywani kusiwe na kitu. Bana pua, mpulizie pumzi moja kila sekunde 5, ukitazama kifua kinainuka. Mwenzako apige simu huku wewe unaendelea. Kama ipo naloksoni, dawa inayozima nguvu ya unga, inadungwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, hata juu ya nguo ikibidi. Ampuli, kichupa cha dawa, tuliyoonyeshwa ilikuwa ya miligramu 0.4. Endelea kupuliza. Dakika 2 au 3 zikipita hajaanza kupumua, dunga ya pili. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu, goti la juu limekunjwa, ili akitapika asipaliwe. Na usimwache. Hili alilirudia mpaka tukalijibu kwa pamoja: naloksoni hufanya kazi dakika 30 hadi 90, na unga unaweza kubaki mwilini baada ya hapo ukamzima tena. Wengi hufa mara ya pili, watu wameshatawanyika wakishangilia.

Maji ya baridi, hapana. Maziwa, hapana kabisa, kwa sababu asiye na fahamu hamezi, yanaingia mapafuni. Sindano ya maji ya chumvi, hapana. Makofi yanapoteza dakika. Maji, maziwa na makofi, yote matatu alifanyiwa mpwa wangu na watu waliompenda. Nilimtazama dada, naye alikuwa akiandika.

Kuna kijana aliuliza kuhusu waliochanganya na bugizi, vile vidonge vya usingizi, au pombe. Jibu: naloksoni haigusi vidonge wala pombe, inagusa unga na ndugu zake tu, lakini mpe vilevile, kwani haimdhuru asiye na unga mwilini, na mara nyingi hakuna ajuaye mtu ametumia nini. Mshauri akaongeza kuwa mchanganyiko ndio uliowapukutisha wengi wa rika lake, na kwamba mwanzoni mwa 2011, unga ulipoadimika Pwani, watu walikimbilia vidonge na chochote kilichopatikana. Aliyasema hayo akiangalia kitambaa ukutani, na sote tukageuka kuangalia miaka iliyoandikwa.

Walitueleza pia ni nani aliye hatarini zaidi, na hapo ndipo niliposikia habari ya mpwa wangu ikisimuliwa na mtu asiyemjua. Aliyetoka gerezani, aliyetoka soba, nyumba ya kuachia unga, aliyelazwa hospitali, aliyefunga Ramadhani yote bila kutumia. Mwili umeshasahau kile kipimo, mkono haujasahau.

Kupuliza tulijifunza kwa sanamu la plastiki, moja tu, kwa watu waliojaa ua. Foleni ilikuwa ndefu kuliko ya feri ya Likoni siku ya sikukuu. Mama mmoja aliyejisitiri akauliza vipi kuhusu mwanamke kumpulizia mwanamume ajnabi. Nesi akaonyesha kitambaa cha plastiki chenye tundu la hewa kinachowekwa mdomoni, na shehe, ambaye kwa bahati alikuwa hajaondoka, akamwambia: "Mama, okoa nafsi kwanza, hilo lengine tutaliuliza akiamka." Watu walicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kuvunja shingo ya ampuli bila kujikata nako kunataka mazoezi. Fundi magari aliyekaa nami aliisaga yake vidoleni, bahati nzuri ilikuwa ya maji.

Je, mafunzo yanafaa? Nitawaambia nilichokiona. Usiku mmoja, si muda mrefu baadaye, nilifuatwa steji na vijana wawili wanakimbia. Mwenzao alikuwa ameanguka kwenye jengo ambalo halijakwisha. Midomo imekuwa ya majivu, mkoromo ule ule alioueleza bibi wa Frere Town. Nilimlaza chini nikaanza kupuliza, na kijana mmoja nikamwambia apige namba ya mwelimishaji rika wa senta, ambayo nimeibandika karibu na usukani. Ilipokelewa. Alikuja na bodaboda, akadunga paja. Yule kijana aliamka ghafla, akaketi, akatutazama, na neno lake la kwanza kwangu lilikuwa tusi ambalo siwezi kuliandika hapa. La pili: "Umeniharibia pesa yangu!" Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ilikuwa imempiga papo hapo. Nesi alitutahadharisha kuhusu hilo, kwamba dawa inauondoa unga kwa ghafla, atatetemeka, atakasirika, atataka kutumia tena, na kazi yenu ni kumzuia asitumie mpaka ule wa kwanza uishe. Tulikaa naye kwenye tuktuk mpaka muda ukapita, akinitukana kwa vituo. Nauli hakulipa. Sasa hivi tukikutana barabarani ananiita mzee.

Kikao cha jamaa kinafanyika Jumamosi asubuhi, chumba cha ndani, viti vya plastiki vimepangwa duara. Wengi ni akina mama, mabibi wachache, madada. Wanaume tunahesabika, na tunakaa karibu na mlango. Hapa sitasimulia ya watu, maana hilo ndilo sharti la kwanza la chumba kile. Nitasema tu linavyokwenda. Hakuna anayekuuliza ilikuwaje. Unakaa, unakunywa chai, unasema ukitaka. Wengine wamefiwa, wengine watoto wao wangali maskani, na mwanzo nilidhani kuwachanganya si busara. Kumbe mama ambaye mwanawe yuko hai ndiye anayemuuliza mfiwa maswali ya kazi: alipotoka soba mlifanyaje, alilala wapi, mlimpa pesa mkononi au la. Na mfiwa anajibu, na unaona kuwa kujibu kunamfaa.

Mengi ni mambo ya nyumbani hasa. Namna ya kusema na mtu mwenye arosto bila kumfungia chumbani. Namna ya kumweleza babake. Maana ya methadoni, kwamba si kubadilisha ulevi kwa ulevi jinsi majirani wanavyosema. Ni dawa ya kunywa, mtu anakunywa mbele ya nesi kila siku ya Mungu, Idi na Krismasi, na kwa kuwa haimpandishi wala kumshusha anaweza kufanya kazi. Kenya ilianza kuitoa Desemba 2014 pale Mathari, Nairobi, na mwaka uliofuata ikafika Malindi. Siku hizi ipo Kisauni yenyewe. Lakini kila siku maana yake ni kila siku: anayekaa ng'ambo ya feri anahitaji nauli ya kwenda na kurudi bila kukosa, na kwenye kikao kuna kibati cha chai ambacho nusu yake ni pesa za nauli za watoto wa wengine. Hakuna tangazo lolote juu yake. Unatia, au unatoa.

Basi nyota ya tano imekwenda wapi.

Kwanza, mpangilio wa siku. Majina yanasomwa asubuhi, mafunzo yanafuata. Mtu ametoka kulia, kichwa kinamuuma, jua limesimama utosini, ndipo anaambiwa ahesabu sekunde na miligramu. Nusu ya waliokuja waliondoka baada ya dua, na hao ndio hasa wenye watoto walio hai wa kuokoa. Geuzeni. Mafunzo saa tatu watu wakiwa na akili zao, kisha majina, kisha chakula, kila mtu aende na huzuni yake nyumbani.

Pili, na hili ndilo kubwa, hatukupewa naloksoni ya kuondoka nayo. Zinakaa kwa waelimishaji rika na kwenye kabati la senta, na senta inafungwa saa kumi na moja jioni. Shirika la Afya Duniani tangu 2014 linapendekeza dawa hii ifikie watu wanaoweza kumkuta aliyezidiwa, jamaa na marafiki wakiwemo, si madaktari tu. Watu wa maskani hawazidiwi saa za kazi. Najua si senta inayoamua, kuna vibali na kuna uhaba, na nesi alijibu swali langu kwa uungwana. Lakini ninapotoa nyota natoa kwa kilichopo. Kunifunza kudunga kisha kunirudisha steji mikono mitupu ni nusu ya kazi. Yule kijana aliyenitukana alipona kwa sababu simu ilipokelewa. Isingepokelewa ningepuliza mpaka alfajiri.

Karatasi tulizopewa za kwenda kusoma nyumbani zilikuwa za Kiingereza, zina picha za Wazungu. Dada alikaa usiku akaandika zake kwa mkono, ukurasa mmoja, Kiswahili cha kueleweka, na siku hizi wanatoa nakala za ule wake. Hawakumlipa, ila walimuuliza, na hilo nawahesabia.

Halafu wanawake. Kwenye kitambaa majina yao ni machache sana, na sidhani ni kwa sababu hawafi. Mwanamke anayetumia hufichwa mara mbili, anafia chumbani, na familia yake haiji getini kabisa. Mshauri anajua, alisema mwenyewe. Saa mbili za wanawake peke yao siku ya Jumatano zimeanza, zimepangwa adhuhuri, wakati ambao mwenye mtoto anapika. Hapo pia pakaangaliwe.

Mengine ni madogo. Choo ni kimoja. Spika inakwaruza. Ukifika na mtu aliyelewa hawamfukuzi, wanamkalisha kando na maji, na mimi nimelipenda hilo ingawa najua wapo watakaolichukia.

Kwa madereva wenzangu wa Kisauni, Kongowea na Bamburi: wamekubali kutufanyia mafunzo peke yetu, Jumapili asubuhi kabla biashara haijachangamka, tukifika kumi na watano. Andikeni majina kwangu steji. Njooni mapema mkae karibu na sanamu, na msivae suruali nzuri kwa kuwa utapiga magoti kwenye saruji. Chombo egesha upande wa msikiti. Upande wa duka la simiti wanatoza.